Ghala Lilipokuwa Tupu

Mama mmoja wa Kibirizi alikuja dukani kwangu kajifunga kanga kiunoni, ule ufungaji ambao ukiuona tu unajua huyu hakuja kununua kitu. Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya muziki hapa Mwanga, Kigoma: spika, mikisa, maiki, na jenereta la kuokoa jahazi umeme unapokatika katikati ya sendofu. Nikadhani nimemharibia shughuli.

"Baba, ni wewe unayewapa wale watoto spika?"

"Watoto gani, mama?"

"Hao wanaojiita wachezaji. Binti yangu anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nikimuuliza unakwenda wapi, ananijibu macho makavu: baa. Saa kumi na moja alfajiri, baba!"

Nikacheka, na hapo nikakosea. Ilinigharimu nusu saa na soda moja kumweleza kwamba baa hiyo haina bia. Ni bomba la maji la chuma, limechomelewa vishikizo na kufungwa kwenye ukuta wa ghala la dagaa, usawa wa kiuno. Wacheza bale, ile dansi ya jukwaani ya Ulaya ya kusimama kwenye ncha za vidole, duniani kote huanza siku yao wameshika fito kama hiyo, ya mbao au ya chuma, na jina lake la Kifaransa likipita kwenye mdomo wa Kigoma linatoka "baa". Kiswahili kilikuwa na baa mbili tayari, ya pombe na ya majanga, na mama yule alikuwa na haki ya kuziogopa zote mbili. Hii ya tatu hakuijua. Hata mimi miaka minne iliyopita sikuijua.

Naandika kwa sababu watu waliowaona vijana hawa wa bale wakicheza siku za karibuni huniuliza walifikaje kucheza vile. Wengi wana jibu lao kabla sijafungua mdomo: kipaji, Kigoma imejaa vipaji, angalia wanamuziki wangapi wa Bongo Fleva asili yao ni huku mwisho wa reli. Mimi niliyekuwa nikiwapelekea spika na kuzirudisha nina jibu jingine, na linahusu saa. Yaani saa za asubuhi ambazo hakuna mtu aliyewakodi.

*

Neno lenyewe, bale, lina ukorofi wake huku kwetu. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, na vilevile Burundi na Rwanda, mtu akikwambia anakwenda kutazama bale usitegemee msichana aliyesimama kwenye ncha za vidole. Bale ni kikundi cha ngoma za asili, na njuga na nyimbo zake. Urukerereza, kikundi cha taifa cha ngoma cha Rwanda, kwa Kifaransa huitwa bale ya taifa. Mtu mmoja aliyelieneza neno kwa maana hiyo ni Keita Fodéba wa Guinea, ambaye miaka ya 1950 aliwapandisha wachezaji na wapiga ngoma wa Afrika Magharibi kwenye majukwaa ya Ulaya kwa jina la Les Ballets Africains. Guinea ilipopata uhuru mwaka 1958 kikundi kikawa cha taifa, na neno likasafiri bara zima.

Kwa hiyo mwalimu wa vijana hawa alipomwambia mama yake kwamba anafundisha bale, mama, ambaye ni muuza vitenge wa kutoka Uvira aliyelowea Kigoma, alimuuliza swali moja tu: "Wapiga ngoma mnao wangapi?"

Mwalimu simtaji jina, hapendi. Alijifunza bale utotoni Bujumbura kwa mama mmoja mgeni aliyekuwa akifundisha watoto sebuleni kwake kila Jumamosi. Baadaye akaongeza dansi ya kisasa Dar es Salaam, warsha moja moja, akilala kwa ndugu. Aliporudi Kigoma alikuwa na miaka ishirini na sita, jozi moja ya viatu vya ncha, na simu iliyojaa video. Akakusanya vijana tisa. Wengi walitoka kwenye vikundi vya ngoma na sarakasi, wawili walikuwa wapakuaji mizigo Kibirizi, mmoja fundi cherehani.

Mwaka wa kwanza walikuwa wabaya. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana niliwaona. Walikuwa wanaiga kutoka kwenye simu, hasa kampuni ya Alonzo King ya San Francisco, LINES Ballet. King ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Georgia, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1982, na hadi leo ina wachezaji kumi na wachache tu. Ukiwatazama utadhani mikono na miguu yao imeongezewa kiungo kimoja ambacho sisi hatukupewa. Vijana wetu waliposogeza mikono namna ile walikuwa kama watu wanaofukuza nyuki kwa adabu.

Ila mwalimu alikuwa akitafuta kitu kingine kwa King, na mimi sikukiona kwa muda mrefu. Mwaka 2001 bwana yule aliwaalika waimbaji na wachezaji wa BaAka kutoka misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakatengeneza kazi pamoja na wachezaji wake wa bale na kusimama nao jukwaa moja. Miaka mingine amefanya kazi na Zakir Hussain, mpiga tabla wa India. Mwalimu alikuwa akiwaambia vijana: mtazame anavyowaacha wageni wake wabaki walivyo. Bale yake ndiyo inayosogea kuwapisha.

Ni kauli nzuri, ila mwaka ule wa kwanza hakuna kilichosogea. Walikuwa wanafanya mazoezi siku mbili kwa wiki, siku nyingine tatu, na siku zilizobaki walikuwa wangu.

Hapa lazima nikiri. Mimi ndiye niliyekuwa nawatafutia kazi. Bwana harusi anataka maingilio ya kishindo? Nina vijana wanaruka juu kama Watutsi, wanazunguka kama pangaboi. Uzinduzi wa duka, kampeni, siku ya wanawake, shirika linataka igizo la malaria lenye dansi ndani, wote nawapelekea. Nilikata asilimia ishirini na nikajiona mlezi wa sanaa. Kila aliyekodi alikuwa na kijitakwa chake: waongeze singeli hapo mwisho, wavae fulana zetu, wasilale chini sana maana wageni wa meza kuu hawatawaona. Na vijana walifanya. Walipata ujuzi mkubwa wa kupendeza kwa dakika nne.

*

Viatu vile vya ncha vina hadithi yake. Jozi ya mwalimu ilikuwa imekwisha, ncha imelegea kama mkate uliolowa. Akaipeleka kwa fundi viatu wa soko la Mwanga, mjomba ambaye hajawahi kushindwa na kiatu chochote, akamuomba aitazame, pengine anaweza kutengeneza kingine. Nilikuwapo. Fundi alichukua kisu akapasua ncha taratibu, akitegemea kukuta mti, au bati. Akakuta kitambaa juu ya kitambaa, karatasi, na gundi iliyokauka.

"Hii ni uji," akasema. "Msichana mzima anasimama juu ya uji?"

Hakukosea sana. Kibweta cha vidole hutengenezwa hivyo tangu zamani, tabaka za nguo na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya jamii ya uji wa unga, ndani ya satini. Jasho linapoingia, kinaanza kufa. Kwenye kampuni kubwa mchezaji mmoja anaweza kumaliza jozi katika onyesho moja, na jozi hufika dola 100 na kupita. Marie Taglioni, ambaye mwaka 1832 huko Paris alifanya kusimama kwa ncha kuwa sanaa na si kiinimacho, hata kibweta hicho hakuwa nacho. Viatu vyake vilikuwa laini, vimeimarishwa kwa kushonwashonwa tu. Fundi wetu alimsikiliza mwalimu akieleza haya, akakirudisha kiatu mezani kwa heshima kidogo zaidi.

Kilichomchekesha zaidi ni rangi. Waridi iliyopauka. "Hii ni rangi ya mguu wa nani?" Swali hilo wengine wameliuliza kabla yake. Dance Theatre of Harlem, kampuni ya watu weusi ya New York, ilianza miaka ya 1970 kutia rangi soksi ndefu na viatu vya wachezaji wake ili vifanane na ngozi ya kila mmoja. London, kampuni ya Ballet Black iliyoanzishwa na Cassa Pancho mwaka 2001, wasichana walikuwa wakipaka viatu vyao vipodozi vya uso usiku kabla ya onyesho, mpaka mwaka 2018 mtengenezaji Freed alipotoa viatu vya kahawia kwa kushirikiana nao.

Mwalimu alirudi ghalani akatangaza: hapa tutacheza peku. Nilidhani ni umaskini unaosema, na mwanzoni ndivyo ilivyokuwa. Lakini ukimwondolea mtu kiatu inabidi uuangalie mguu wake, na miguu ya vijana wa Kibirizi ni miguu iliyokanyaga mchanga wa moto na ngazi za mitumbwi. Inashika sakafu kwa vidole kama mkono. Akaanza kutengeneza mambo kwa ajili ya mguu huo.

*

Sasa sakafu. Wasomaji wenye magoti mabovu watanielewa nikikaa hapa kidogo.

Kumbi za bale zina sakafu ya mbao yenye nafasi chini yake, inanesa kidogo mtu anapotua. Ghala la dagaa lina saruji. Mtu anayeruka mara mia mbili kwa siku juu ya saruji hupata maumivu ya ugoko ambayo huanza kama kuwasha na kuishia kama msumari. Miezi minane ya kwanza vijana watatu walipumzishwa. Fundi cherehani akaacha kabisa, akasema mguu ndio unaokanyaga cherehani na yeye ana mtoto.

Dawa ilitoka kwa wapakuaji. Walikusanya mbao za mitumbwi iliyochakaa na matairi ya lori. Matairi wakayakata vipande vya ukubwa wa kiganja, wakavipanga chini kama dama, juu yake mbao, juu ya mbao kapeti la plastiki lililogeuzwa upande wa nyuma ili lisiteleze. Sakafu ya mita sita kwa nane. Ukiipiga teke inatoa mlio mzito, kama tumbo la ng'ombe. Nimesimama juu yake, inanesa. Na kwa kuwa inakusanywa na kutandikwa upya, kila kijana anajua kila ubao, upi una msumari na upi unalia.

Ilibidi ikusanywe kwa sababu ya mwezi. Huku dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala nyumbani. Giza likirudi mitumbwi inatoka, asubuhi dagaa wanaanikwa, na ghala linajaa magunia mpaka dari. Mwenye ghala, mzee mmoja mwenye roho nzuri na mdomo mbaya, aliwaambia: mwezi ukiwa mkubwa chezeni, ukiwa mdogo ondoeni mbao zenu. Sidhani kama kuna kampuni nyingine ya bale duniani ambayo ratiba yake ya mazoezi hupangwa kwa kutazama angani.

Kwa hiyo walikuwa na siku kumi hivi kila mwezi, kisha wanatawanyika, wanafanya harusi zangu, wanarudi wamesahau nusu. Mwalimu alisema ni kama kumfundisha mtu kusoma huku kila baada ya aya unamfunga macho.

Hadithi ya kampuni ya Harlem niliisikia kwake nyakati hizo, akiwapa moyo. Arthur Mitchell alikuwa mweusi wa kwanza kuwa mchezaji mkuu wa New York City Ballet, alikojiunga mwaka 1955. Martin Luther King alipouawa, Aprili 1968, Mitchell aliamua kurudi mtaani kwake Harlem kufundisha watoto. Kiangazi kile alifundishia kwenye gereji. Joto lilikuwa kali akaacha milango wazi, watoto wakawa wanasimama kuchungulia, kisha wanaingia. Alianza na watoto 30, na baada ya miezi miwili walikuwa 400. Wavulana aliwaruhusu kuvaa jinsi zilizokatwa, na kwenye mazoezi akaongeza ngoma. Mwaka uliofuata, yeye na Karel Shook wakaanzisha kampuni.

Ghala letu pia lilikuwa na milango wazi, kwa ajili ya harufu. Watoto walichungulia, na wakaingia. Ila Mitchell alikuwa nao kila siku, na hilo la kila siku sikulisikia kwa uzito wake mpaka ziwa lilipofungwa.

*

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, samaki wapate kuzaliana. Nchi nne zinazochangia ziwa zilikuwa zimekubaliana. Kibirizi, pwani ambayo alfajiri huwa na kelele kuliko stendi, ikanyamaza. Mitumbwi ilivutwa juu. Mama lishe walipunguza sufuria. Sitaki mtu asome makala hii akadhani nasimulia neema. Watu waliumia. Mimi mwenyewe sherehe zilipungua karibu nusu, maana hapa harusi nyingi zinanuka dagaa, hata za watumishi.

Lakini ghala likawa tupu, giza na mbalamwezi, kwa siku tisini na ushee. Na hakukuwa na wa kuwakodi.

Wakaanza kila siku saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Saa ya kwanza na nusu baa tu: kukunja magoti, kunyoosha mguu mbele, pembeni, nyuma, nyonga zimefunguliwa nje. Mambo yale yale kila siku, kwa majina ya Kifaransa yaliyobaki tangu mfalme Louis XIV alipounda chuo chake cha dansi mwaka 1661. Wapakuaji wa Kibirizi wakijifunza adabu za ikulu ya Ufaransa, na saa nne wanakwenda kutafuta kibarua. Kisha mwalimu akaongeza kitu. Nusu saa ya mwisho kila kijana alimfundisha mwenzake hatua moja ya kwao: ya Waha wa Kasulu, ya Wabembe, ya Kimanyema kutoka Ujiji. Aliikataza isichezwe kwa mbwembwe. Ichezwe polepole, kama baa, mara ishirini, mpaka ujue uzito uko mguu gani.

Nilikuwa sina kazi, nikawa nakwenda kutazama. Wiki ya kwanza nilichoka. Wiki ya tatu nikaanza kuona. Ngoma zetu nyingi zinamwomba mtu ashuke, magoti yalegee, ardhi imkubali. Bale inamwomba apae na kujifanya hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimezoea kuwaona vijana wakibadilisha gia kati ya hizi mbili, kwa mlio. Wiki ya sita mlio ulikuwa haupo. Kijana mmoja mpakuaji alishuka goti karibu na sakafu, na kutoka pale chini, bila kuhema, mguu wake mmoja ukapanda nyuma na kusimama angani, na yeye akageuza kichwa kutazama mlangoni kama mtu aliyesikia jina lake. Sikujua niseme ile ni bale au ni ngoma. Sikuwa na haja ya kujua.

Hapo ndipo mnandi walipoingia. Mnandi ni wale ndege weusi wenye shingo ndefu wanaosimama juu ya mitumbwi mabawa wazi. Manyoya yao yanalowa wanapopiga mbizi, lazima wayaanike. Mitumbwi ilipokaa ufukweni bila kazi, mnandi waliichukua. Mwalimu aliwapeleka vijana kuwatazama saa nzima, bila simu. Mchezaji wa bale hufundishwa kuufungua mkono pembeni ukae kwa uzuri, na akikaa nao dakika mbili bega linaungua moto. Mnandi anakaa hivyo robo saa, wala hafanyi kwa uzuri. Anasubiri akauke.

Bale maarufu kuliko zote ni ya ndege. *Swan Lake*, yaani ziwa la batamaji, ilichezwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1877, na tangu hapo wasichana wamevaa mabawa meupe kila pembe ya dunia. Mtunzi wa dansi Dada Masilo wa Soweto (Dada ni jina lake) aliigeuza mwaka 2010, akachanganya bale na ngoma za Afrika Kusini, ndege peku, wanaume kwa wanawake. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 39 tu, na siku ile mwalimu hakufundisha. Ila miezi ile ya ziwa kufungwa alikuwa hai, na vijana walimtazama kwenye simu mpaka kioo kikachubuka. Mwalimu aliwaambia: sasa mmeona ruhusa, fungeni simu. Batamaji hatunaye. Mnandi tunaye.

*

Walionyesha kazi yao ghalani Julai, usiku wa mbalamwezi. Kiingilio shilingi mia tano, watoto bure. Watu walikaa juu ya nyavu na kreti za soda. Mimi nilileta spika mbili kubwa na mwalimu akaniambia, "Kaka, leo hatuzihitaji." Dakika kumi za mwanzo hakukuwa na muziki wowote. Vijana saba, mikono wazi, wakisogea kidogo sana. Sauti pekee ilikuwa ya mbao, ule mlio wa tumbo la ng'ombe, na mlevi mmoja mlangoni akiuliza kama mkutano umeanza.

Nilitoka jasho. Nimefanya kazi ya kufurahisha watu miaka kumi na minne, na najua kimya cha dakika kumi kinamaanisha nini kwenye harusi. Kisha mtoto mmoja mbele akasema kwa sauti, "Mnandi!" Watu wakacheka, halafu hawakucheka tena. Wavuvi waliokaa miezi miwili bila kazi walikuwa wanatazama watu waliokaa mabawa wazi wakisubiri kukauka. Hakuna aliyewaeleza. Ngoma tatu zilipoingia dakika ya kumi na moja, mama mmoja alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Ni yule yule wa baa.

Si wote waliofurahi. Mzee mmoja wa Ujiji, niliyempa shikamoo mlangoni, alinishika mkono akaniambia Mwalimu Nyerere asingekubali. Alikumbuka vizuri. Desemba 1962, alipotangaza wizara ya utamaduni, Nyerere alilalamika kwamba wengi wetu tumejifunza rumba, chacha, hata waltzi, na ni wangapi wanaojua gombesugu, mangala, kiduo, lelemama. Sikumjibu mzee, maana ana haki. Nilijisemea tu moyoni kwamba miezi ile mitatu kijana wa Kimanyema alijifunza hatua ya Kiha kutoka kwa Muha, polepole, mara ishirini kila siku. Kwenye harusi zangu sijawahi kuliona hilo likitokea.

Mzee mwingine, mpiga ngoma mwenye asili ya Burundi, hakusema kitu. Wakati watu wanatoka alipanda kwenye mbao, akavua kandambili, akaruka mara tatu, juu, magoti kifuani, kama wanavyoruka wapiga ngoma wa kwao. Ana miaka sitini na ushee. Akatua bila mlio. Vijana walikaa chini kumtazama. Siku hizi anakuja kila Alhamisi. Baadaye nilisoma kwamba Nederlands Dans Theater ya Uholanzi, iliyozaliwa mwaka 1959 na wachezaji waliojitoa kwenye kampuni yao ya bale wafanye mambo mapya, ilifika mwaka 1991 ikaunda kikosi maalumu cha wachezaji waliopita miaka arobaini. Mkurugenzi wake wakati huo, Jiří Kylián, alikuwa amewahi kwenda mwaka 1980 kisiwani kaskazini mwa Australia kutazama wenyeji wakicheza, wazee kwa watoto. Nikafikiri: wenzetu waliunda kikosi kizima ili mtu wa miaka hamsini aruhusiwe kucheza. Sisi wazee ndio wanaofungua ngoma, kisha tunawaacha nje tunapoanza kuita jambo sanaa.

*

Tarehe 15 Agosti ziwa lilifunguliwa. Kibirizi ikarudisha kelele zake na ghala likajaa.

Wiki mbili baadaye shirika moja lilifika na laki nane. Walikuwa wamesikia habari za mnandi, wakaipenda. Walitaka tu dakika ya kumi na mbili, ngoma zinapoingia, vijana watoe ndoo na sabuni waonyeshe kunawa mikono, na mwisho uwepo wimbo. Mwalimu alisema atawatengenezea igizo lingine la kunawa mikono, zuri, ila mnandi hawanawi. Shirika likaenda kwa kikundi kingine. Laki nane kwa watu saba, mwezi wa Septemba! Waligombana mpaka usiku. Wawili waliondoka na hawajarudi, na siwalaumu. Mmoja namuona kwenye harusi zangu, anazunguka kama pangaboi, anapata riziki yake.

Ile kampuni ya Harlem nayo iliwahi kukwama. Mwaka 2004, ikiwa na deni la zaidi ya dola milioni 2, ilisimamisha wachezaji wake, na hawakurudi jukwaani kama kampuni mpaka mwaka 2012. Katikati yake shule iliendelea kufundisha. Miaka minane bila maonyesho ya kampuni, na watoto wameshika baa. Nilimwambia mwalimu hilo nikidhani namfariji. Alikuwa analijua. Alikuwa anatafuta pa kuweka mbao.

Nina stoo nyuma ya duka, mita tano kwa saba, ninamopanga spika. Nikampa. Kila asubuhi wananisukumia spika zangu ukutani, wanatandika matairi na mbao, zimebaki nje mita moja kila upande. Saa nne wanarudisha. Spika moja imeshapoteza wavu. Niliwaambia sitaki kodi, watumie bure, sisi ni ndugu. Niliona nimesema jambo kubwa.

Mwalimu aliinama akifunga kamba za mbao, akasema, "Hapana, kaka. Ukitupa bure, siku moja utatuomba tuongeze singeli."

Wananilipa shilingi elfu tano kwa wiki. Wiki iliyopita walichelewa siku tatu, na nilikwenda kuidai.